Lee Van Cleef: adui aliyepewa muda

Steringi hafi. Yeyote aliyewahi kulipa kiingilio kwenye kibanda umiza anaijua kanuni hiyo bila kufundishwa. Adui mkubwa atakufa mwishoni, na wapambe wake watamtangulia: mmoja ataporomoka kutoka juu ya paa, mwingine ataangukia pipa la maji, wa tatu atapigwa risasi akikimbilia farasi. Majina yao hayashikwi na mtu. Watazamaji huwaita tu "yule mwenye ndevu", "yule chongo", "yule mwenye pua".

Lee Van Cleef alikuwa yule mwenye pua.

Kwa miaka 13, kuanzia 1952 hadi 1965, kazi yake Hollywood ilikuwa kusimama nyuma ya adui mkubwa, kutazama watu kwa jicho la mwewe, kisha kufa. Halafu Waitalia wakamchukua, na muongo ulipoisha jina lake peke yake lilitosha kuuza tiketi za filamu za kauboi kule Ulaya. Mkasa huo husimuliwa kama mtu aliyeokota dhahabu njiani: mwongozaji Sergio Leone aliiona sura, akaipenda, basi. Naona wanaosimulia hivyo wanampunja marehemu. Sura alikuwa nayo siku zote, na ndiyo iliyomfungia milango. Kilichokosekana ni muda wa kuonekana, na alipopewa muda huo tayari alikuwa na ufundi ambao hakuna aliyewahi kumwomba auonyeshe.

Alizaliwa Januari 9, 1925, Somerville, New Jersey. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa mwanamaji kwenye meli ya kutegua mabomu ya baharini, kazi yake kusikiliza mtambo wa sonar. Nalitaja hili kwa sababu napenda kuamini, bila ushahidi wowote, kwamba mtu aliyekaa saa nyingi akisikiliza kilichojificha chini ya maji hujifunza kutulia. Baada ya vita akaingia kwenye michezo ya jukwaani, na alikuwa kwenye ziara ya tamthilia pale mtayarishaji Stanley Kramer alipomwona Los Angeles.

Kramer alikuwa anakusanya waigizaji wa filamu ya kauboi, High Noon. Inasimuliwa kwamba alitaka kumpa nafasi ya naibu wa sherifu, nafasi nono yenye maneno mengi, kwa sharti moja: akairekebishe pua yake hospitalini. Van Cleef akakataa. Nafasi ikaenda kwa Lloyd Bridges, na yeye akapewa Jack Colby, mmoja wa majambazi wanaomsubiri mkubwa wao ashuke kwenye treni ya saa sita mchana. Colby hasemi hata neno moja katika filamu nzima.

Itazame tena filamu hiyo ukimfuata yeye tu, mwache steringi Gary Cooper na shida zake. Picha inapofunguka, sura ya kwanza ni ya Van Cleef. Amekaa juu ya jiwe, chini ya mti, anavuta sigara. Mwigizaji mgeni aliyenyimwa maneno kwa kawaida hutafuta cha kufanya: atajikuna kidevu, atatema mate, atageuza shingo ili kamera isimsahau. Huyu hafanyi kitu. Anasubiri kama mtu anayesubiri kweli, yaani kwa mwili mzima. Baadaye kituoni, wenzake wakiwa hawatulii, yeye anapuliza kinanda cha mdomo. Anafia kwenye zizi la farasi, na ukitoka hapo unaikumbuka sura yake kuliko ya adui mkubwa mwenyewe, ambaye filamu nzima imetumia muda kututisha kwa jina lake.

Kilichofuata ni foleni ndefu ya vifo. Alikuwa mpambe kwenye filamu za kauboi, mpambe kwenye filamu za majambazi wa mjini, na mgeni wa wiki kwenye vipindi vya kauboi vya televisheni: The Lone Ranger, Gunsmoke, The Rifleman. Mara mojamoja alipewa kazi njema, kama kwa kupitiwa. Mwaka 1953, katika The Beast from 20,000 Fathoms, dubwana la kale limeivamia New York, na yeye ndiye askari mlenga shabaha anayepanda juu ya reli za treni ya michezo pale Coney Island ili kumpiga dubwana risasi yenye mionzi. Risasi moja, jiji limepona. Na bado si steringi! Steringi ni profesa aliyepanda pamoja naye.

Mwaka 1958 alipata ajali ya gari, goti likavunjika. Madaktari wakamwambia asahau kupanda farasi, na kwa mtu anayekula kwa filamu za kauboi hiyo ni sawa na kumnyang'anya mvuvi ngalawa. Alipanda tena, lakini maumivu hayakumwacha maisha yake yote, na kazi zikapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishika brashi zaidi kuliko bastola. Alikuwa mchoraji.

Katikati ya ukame huo kuna filamu moja ambayo ukiitazama leo inakuchekesha kwa uchungu. The Man Who Shot Liberty Valance, ya John Ford, 1962. Adui ni Lee Marvin, na adui yule ana wapambe wawili: Strother Martin, anayecheka kama mwehu, na Van Cleef, anayenyamaza. Marvin anafoka, Martin anacheka, Van Cleef anatazama. Alikuwa ametimiza miaka kumi tangu High Noon, na hajapanda hata ngazi moja.

Sasa angalia dunia ilivyo. Miaka mitatu baadaye Leone anatafuta mtu wa kucheza Kanali Douglas Mortimer katika For a Few Dollars More, na Lee Marvin yuko mbele kwenye orodha. Mambo yakashindikana. Leone akaikumbuka sura moja aliyokuwa ameiona kwenye filamu za Kimarekani za miaka ya 1950, akavuka bahari kuitafuta. Van Cleef mwenyewe alipenda kusimulia kwamba wakati huo hakuwa na hela ya kulipa bili ya simu. Aliyekuwa akisimama nyuma ya Marvin akapewa kiti cha Marvin.

Tunafunguliwa naye ndani ya treni. Abiria anasoma Biblia kubwa iliyomfunika uso wote. Aliyekaa mbele yake, mtu wa maneno mengi, anamchukulia kuwa mchungaji na kumpasha habari kwamba kama anakwenda Tucumcari amepanda treni siyo, hii haisimami kule. Biblia inashuka taratibu. Nyuma yake iko ile pua, yako yale macho membamba. Anajibu kwa upole kwamba treni itasimama Tucumcari. Kisha anainuka, anavuta breki ya dharura, na kumshusha farasi wake kama mtu aliyefika nyumbani. Anayekuja kumfokea anatazamwa tu, na ukali wake unayeyuka palepale.

Hollywood ilikuwa imeitumia sura ile kama kibao cha onyo barabarani: mtazamaji akiiona ajue kuna hatari, kisha turudi kwa steringi. Leone anaificha kwanza, anakuacha udhani ni mtu wa Mungu, halafu anaifunua na kukaa nayo. Filamu zake alizipiga kwa mtindo wa Techniscope, wa picha pana sana, halafu ule upana ambao wenzake waliutumia kuonyesha milima yeye akaujaza macho ya watu. Ukipigwa picha ya hivyo huna pa kujificha. Mwigizaji mwenye sura tu, bila ufundi, ataishiwa baada ya sekunde tatu, kwa sababu sura isiyo na kitu nyuma yake huwa kama ukuta. Van Cleef anaweza kukaa sekunde kumi na tano na bado ukaona mtu anapiga hesabu mle ndani.

Mikono yake nayo inataka kuangaliwa. Kwenye baa Kanali anamwendea jambazi mwenye kibiongo, Klaus Kinski, na kuwasha kiberiti mgongoni kwake. Makusudi kabisa. Kinski anatetemeka uso, mashavu yanacheza, pumzi zinampanda. Anaigiza kwa kila msuli alionao. Van Cleef anataka tu kuwasha kiko chake, na kwa kuwa kiberiti kimezimwa anaichukua sigara iliyo mdomoni mwa Kinski na kuitumia. Vidole havina haraka wala havisiti. Kinski ni mwigizaji mkubwa kuliko yeye kwa vipimo vyote vya kitabuni, lakini macho yako yako kwa mtu wa kiko, na hayabanduki.

Halafu kuna mashindano ya kofia usiku, yeye na mwindaji mwenzake wa majambazi, Clint Eastwood, wakipimana ubavu barabarani. Eastwood anaipiga kofia yake risasi, inaruka. Van Cleef anaifuata, anainama kuiokota, inapigwa tena, anaifuata tena. Unamwonea huruma mzee wa watu. Ni mpaka anapofika umbali ambao bastola ya kijana haifiki ndipo unapoelewa kwamba yake ina mtutu mrefu zaidi, na kwamba alikuwa anahesabu hatua. Filamu nzima wanaitana "mzee" na "kijana". Ukweli ni kwamba Van Cleef alikuwa na miaka 40 na Eastwood anagonga 35. Uzee ule ni wa kuigizwa, umeshonwa kwa mwendo, kwa sauti ya chini, na kwa namna anavyoshuka juu ya farasi kana kwamba kila kiungo kinaombwa ruhusa. Goti huenda lilisaidia.

Kuna hoja moja dhidi yangu, na ni nzito. Filamu hizi za Kiitalia sauti ziliingizwa baadaye studioni. Watazamaji wa Italia hawakuisikia sauti ya Van Cleef. Walimsikia Emilio Cigoli, aliyemwigizia sauti kwa Kiitaliano. Kwa hiyo waliompenda kule walipenda sura na mwili, na mtu anaweza kusema hayo ndiyo niliyokuwa nabisha. Mimi nasema hapana. Kumwondolea mwigizaji sauti yake na bado akabaki vilevile, hiyo ndiyo shule ya Jack Colby. Alikuwa ameanza bila maneno. Huku kwetu pia watu walitazama kauboi bila kujua Kiingereza na hawakupotea, na waliokuja baadaye kutafsiri filamu kwa kinywa, akina Lufufu, wangepata taabu na The Good, the Bad and the Ugly: dakika kumi za mwanzo hakuna anayefungua mdomo.

Filamu hiyo ya 1966 ndiyo iliyomfanya adui wa kudumu, na ina tukio ambalo ningelionyesha kwa kila anayetaka kucheza mtu mbaya. Van Cleef, Waitalia wakimwita Sentenza, anafika kwenye nyumba ya mkulima. Mwenye nyumba anajua kwa nini amekuja. Mgeni anaketi mezani bila kukaribishwa, anavuta bakuli, anachota, anamega mkate. Anakula. Anakula kweli, kwa hamu ya mtu aliyetoka mbali, macho yakiinuka kutoka kwenye kijiko kumwangalia mwenyeji wake na kurudi chakulani. Wanakula wote wawili, na sisi tuliolelewa kuamini kwamba aliyekula kwako hawezi kukudhuru ndio tunaosisimka zaidi. Mkulima anajaribu kujinunua kwa dola 1,000. Sentenza anazipokea, na anaeleza kwamba yeye akilipwa kazi huimaliza. Anamwua, na mwanawe aliyeshuka na bunduki anamwua. Kisha anarudi kwa mzee aliyemtuma, anachukua zake 500, anakumbuka kwamba zile 1,000 za mkulima nazo zilikuwa malipo, na kumpiga mzee risasi kupitia mto wa kitandani. Anacheka kidogo. Kila alichofanya kinafuata kanuni yake, na kanuni yake ni ya mhasibu.

Sijui mwigizaji mwingine wa wakati ule ambaye angeridhika kula tu. Wengi wangemlaza mkulima kwa macho makali tangu mlangoni. Yeye anaacha hatari ije yenyewe mezani, wakati amejaza mdomo.

Na mwisho wa filamu, kwenye makaburi ya Sad Hill, karibu na Burgos kule Hispania, watu watatu wanasimama kwenye duara na kamera inasogea, inasogea, mpaka inafika kwenye mkono wake ulio karibu na bastola. Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakina pingili ya mwisho. Ni kidole chake mwenyewe, hakuna aliyekipaka rangi. Kwa miaka 13 kamera haikuwahi kusogea karibu kiasi cha kutufanya tukitambue.

Baada ya hapo Roma ikawa yake. Nitakayoyasema hapa yatawaudhi wapenzi wa filamu zake za Sabata, lakini naona kazi yake bora baada ya Leone ni zile filamu ambazo hakuwa adui wala steringi, bali fundi mwenye mwanagenzi. Waitalia waliona kitu ambacho Wamarekani hawakukiona: kwamba ukali ule unafaa kwa mwalimu. Katika Day of Anger ya Tonino Valerii, 1967, anaingia mji ambao kijana asiye na baba, Giuliano Gemma, anafagia na kubeba uchafu wa vyoo vya wakubwa, na watu wanamwita wanavyotaka. Mgeni huyu ndiye mtu wa kwanza kumkalisha kijana meza moja naye. Anampa masomo, moja baada ya jingine, kwa vitendo na kwa maumivu: usiombe, usimwamini mtu. Van Cleef anacheza mapenzi ya kibaba na unyonyaji kwa uso uleule, na huwezi kusema yapi yanaishia wapi na upi unaanzia wapi. Kijana anafuzu masomo yote, na sote tunajua mwanagenzi aliyefuzu namna hiyo atamtumia nani mtihani wa mwisho. Mwaka huohuo alicheza na John Phillip Law katika Death Rides a Horse, mzee na kijana tena, siri mbaya katikati yao.

The Big Gundown ya Sergio Sollima ni ya 1966, na wako wanaoiweka juu ya zote. Anamsaka Mmeksiko maskini, Tomas Milian, anayetuhumiwa kumbaka na kumwua mtoto wa kike, na kadiri anavyomfukuza ndivyo anavyogundua kwamba matajiri waliomtuma wanamlinda mwenye hatia wa kweli. Ni filamu ya mtu anayezidiwa ujanja mara kwa mara na anayemwinda, na Van Cleef anakubali kuonekana mjinga. Steringi wachache hukubali.

Kisha Sabata, 1969. Bastola ndogo inayofyatua hata kwenye mpini, mwenzake mwenye bunduki ndani ya banjo, wanasarakasi wanaruka madirisha. Inafurahisha kama peremende. Lakini mashine zimechukua kazi ya mikono, na yeye ameanza kutabasamu kwa kujua kwamba ni Lee Van Cleef. Mtu anayesubiri hana nafasi kwenye filamu isiyosubiri. Return of Sabata ya 1971 ni maji yaliyosuuzia sufuria, na miaka iliyofuata ina kazi nyingi ambazo sioni haja ya kuzihesabu.

Mara moja tu mtu alimkumbuka vizuri. John Carpenter, mwaka 1981, alimpa nafasi ya Hauk, mkuu wa polisi mwenye hereni sikioni, katika Escape from New York. Mbele yake aliketi Kurt Russell akinong'ona kwa sauti iliyoazimwa waziwazi kwa Eastwood. Kwa hiyo ni mzee na kijana tena, na kila anayejua filamu za Leone alijua anachokonyezwa. Miaka mitatu baadaye televisheni ya NBC ikamfanya bingwa wa unija katika The Master, vipindi 13. Mtu wa miaka 59, mwenye goti lile, amefunikwa uso kwa kitambaa cheusi huku mwingine akiruka kwa niaba yake. Walichukua macho yale wakayaziba na kubakiza miguu.

Alifariki Desemba 16, 1989, Oxnard, California, kwa ugonjwa wa moyo. Kaburi lake liko Forest Lawn, Hollywood Hills, na kwenye jiwe wameandika kwamba alikuwa bora kati ya wabaya. Jiwe limependeza. Ila mimi nikitaka kumkumbuka sifungui filamu ya ubaya, narudi kwa Kanali Mortimer, dakika za mwisho. Aliyesababisha kifo cha dada yake amelala chini, saa ya muziki imenyamaza, picha ya marehemu iko mkononi mwake. Zile fedha zote za vichwa vya majambazi amemwachia kijana. Anapanda farasi, anaondoka. Nyuma yake Eastwood anarundika maiti mkokotenini na kujumlisha bei ya kila mmoja, hesabu inapelea, anageuka na kumpiga risasi jambazi wa mwisho aliyekuwa anamnyemelea. Mzee anasikia mlio kutoka mbali, anasimamisha farasi na kuuliza kama kuna tatizo, kijana. Hakuna, mzee. Ni hesabu tu zilikuwa zinagoma.